Saa Inayokunywa Dizeli

Kijiwe chetu hakina paa wala adabu. Kina ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya maganda mawili ya mota zilizokufa, mbele ya karakana ya Waya, fundi wa kusuka mota. Nyuma ya ubao kuna ukuta wa kiwanda cha sare, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko inakonguruma jenereta ya kiwanda. Tangu transfoma ya mtaa ilipoungua, wiki mbili sasa, tunakunywa kahawa huku migongo inatetemeka, na mtu akiwa na siri inabidi aiseme kwa kelele.

Mimi nashona viatu. Nakaa ncha ya ubao kwa sababu ya mguu wangu wa kulia, na kwa sababu pale naona kila anayekuja kabla hajapata nafasi ya kunikopa sindano. Saa nane mchana nikamwona Kinyozi anakuja mbio, kitambaa cha kunyolea begani, simu mkononi. Huyu hapa tunamwita Taarifa. Akikunyoa wewe, anabaki na habari za nyumba yako na za jirani zako wawili.

"Mmesikia? Hamjasikia. Nyinyi mkisikia kitu ujue kimeshaoza."

"Umemwacha mteja na nusu kichwa?" nikamuuliza.

"Atasubiri, ataenda wapi vile alivyo? Sikilizeni. Kiwandani wamebandika tangazo getini, nimelipiga picha. 'Menejimenti imegundua wizi mkubwa wa muda wa kampuni, saa moja na nusu kila siku, kwa wiki mbili mfululizo. Muda wote ulioibwa utarudishwa kuanzia leo.' Basi. Na muhuri juu."

Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutusema bila malipo ya ziada, akaweka birika chini.

"Muda unaibwaje? Wameutoa kwa kikapu?"

"Hapo sasa! Wale wanawake wanapekuliwa kila wakitoka. Mlinzi anawakuta hata na kifungo kimoja cha shati. Saa moja na nusu wameificha wapi?"

"Kwenye viatu," nikasema. "Mimi ndiye niliyewawekea soli mbili."

"Wewe unatania. Mimi dada yangu yumo mle, anashona kola. Kesho wataambiwa wameiba Jumatano."

Waya alikuwa ameshika koili ya shaba magotini, akiifunga uzi, na hakuinua kichwa. Yule bwana akicheka huwezi kujua. Mabega ndiyo yanasema.

"Mwizi wao namjua," akasema. "Anakuja huyo."

Kwenye ukuta wa kiwanda kuna mlango mdogo wa chuma, wa chumba cha jenereta. Ukafunguka, kelele ikatumwagikia, na Shemeji akatoka na barua mkononi. Ndiye mwendesha jenereta. Amemwoa dada yake Taarifa, yule wa kola, na kwa kuwa Taarifa alimwita Shemeji tangu siku ya kwanza, kijiwe kizima tukamwita hivyo, na mtaa ukafuata. Nimewahi kumsikia padri akimwita Shemeji.

"Shem, umeona tangazo?" Taarifa akamdaka. "Wizi wa muda! Nani kaiba?"

"Mimi."

Akakaa. Akampa Mama Birika barua atusomee, maana yeye alishaisoma mara nne na haikubadilika.

"'Ndugu Mwendesha Jenereta,'" Mama Birika akasoma. "'Unatakiwa kushusha jenereta hadi arobaini kabla ya saa kumi leo, kwa saa ya ukutani ya kiwanda. Ukishindwa, ikifika saa kumi kabidhi funguo na usirudi. Wako, Meneja.' Ebo! Anakufukuza halafu ni wako?"

"Arobaini nini?" Taarifa akauliza. "Digrii? Lita?"

Waya akaweka koili pembeni. Hilo ni jambo kubwa. Mara ya mwisho kuweka koili pembeni ni siku alipozaliwa mjukuu wake.

"Mapigo," akasema. "Umeme wa mtaani unapiga mara hamsini kwa sekunde. Vyerehani, feni, pampu, vyote vimezoea hamsini. Ile jenereta Meneja aliinunua ikiwa imetumika, na huko ilikotoka umeme unapiga sitini. Siku ya kwanza nikamwambia, bwana, legeza skrubu ya spidi uishushe hamsini, itapungua nguvu kidogo lakini itakutunza. Akajibu nini, Shemeji?"

"Akasema, 'Nimenunua sitini, nitumie hamsini, kumi zangu ziende wapi?'"

Tukacheka mpaka ubao ukahama. Taarifa peke yake hakucheka.

"Lakini ana hoja. Nikinunua mifuko sitini ya saruji nikaletewa hamsini, nanyamaza?"

"Ndiyo maana wewe tumekupa mashine ya kunyolea tu, kubwa zaidi ya hiyo hatukuamini nayo," Waya akamwambia. "Hebu nisikilize. Saa ya ukutani ya kile kiwanda haina betri. Imeunganishwa na umeme, inahesabu mapigo. Ikishahesabu hamsini inasema hii sekunde moja. Haijui jua wala kivuli. Sasa ukiipa sitini ndani ya sekunde moja?"

"Inakimbia," nikasema.

"Inakimbia. Kila ukimaliza saa tano za kweli, yenyewe imeshahesabu sita."

"Kwa hiyo saa yenu inakunywa dizeli," Mama Birika akasema. "Mngeninunulia mimi kahawa nikae pale niwatajie muda, ingekuwa rahisi."

Ikabidi Shemeji asimulie. Kila asubuhi anawasha jenereta, na mlinzi anapanda kigoda anaiweka ile saa kwenye saa mbili kamili kwa kufuata redio. Simu zote zinaachwa getini kwenye sanduku, ndiyo sheria. Meneja anafika asubuhi, anazunguka mara moja, ikifika saa nne anaondoka kwenda kwenye vikao. Basi ndani hakuna anayeijua saa nyingine. Ile ya ukutani ikifika kumi na moja, kengele inalia, wanawake wanatoka, wanapewa simu zao, na simu zinasema ni saa tisa na nusu.

"Wiki mbili!" Taarifa akaruka. "Wiki mbili dada yangu anatoka saa tisa na nusu hajaniambia mimi? Mimi?"

"Wewe hasa," nikamwambia. "Wangekwambia wewe saa nne, saa tano Meneja angelisikia redioni."

"Na mashati? Kwani Meneja hahesabu mashati?"

"Anahesabu kila siku," Shemeji akasema. "Mia sita. Hayakupungua hata moja."

Waya mabega yakaanza kutikisika.

"Yatapungua wapi? Cherehani nacho kinakunywa bomba lilelile. Saa ikikimbia, na cherehani kinakimbia kiasi kilekile. Wameshona kazi ya saa tisa kwa saa saba na nusu. Hakuna kilichoibwa hapo."

"Mikono yao imeibwa," Mama Birika akasema. "Wanaonekana wamechoka. Juzi mmoja amekunywa vikombe vitatu hapa amesimama, vidole vinaruka vyenyewe."

"Lakini wanatoka wanacheka," Shemeji akasema.

"Hilo nalo kweli."

Sasa Meneja alijuaje? Hapo Shemeji alishindwa kusema bila kujishika kichwa. Juzi, saa kumi jioni, Meneja alitoka kwenye kikao akapita sokoni kununua nyanya. Akainama kuchagua. Alipoinuka, wanawake kama arobaini wa kiwanda chake walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na kapu, na kwa heshima zote wakamwambia, "Shikamoo, Meneja." Akaitikia. Akaendelea na nyanya. Ndipo akaangalia saa yake ya mkononi, nyanya ikamponyoka.

"Wangejificha nyuma ya vitunguu!" Taarifa akalia. "Heshima imewaponza."

"Na wewe, Shemeji," nikamuuliza, kwa sababu kuna jambo lilikuwa linanikera, "ulijua tangu lini?"

Akageuza kikombe.

"Siku ya pili. Nilichungulia dirishani nikaiona saa ile inavyotembea, nikajua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Jioni ile nafika nyumbani, mke wangu amefika kabla yangu. Amekaa mlangoni na mtoto wetu wa mwisho, wanasoma kitabu cha shule, jua bado lipo. Mimi mke wangu huwa namwona kwa taa. Mtoto akaniambia, 'Baba, leo mama alinifuata shuleni mwenyewe.' Sasa mtu mzima niende kiwandani niseme, jamani, rudisheni hamsini?"

Mimi niliona uchungu, sitaficha, na nikajuta kuuliza. Hata Taarifa alitia simu mfukoni, na hilo halijawahi kuandikwa popote.

Lakini aliyeanza tena kusema ni yeye mwenyewe. Alikuwa anapiga hesabu kwa vidole.

"Lakini tuseme ukweli, Meneja ni kichwa. Ameona ukipandisha jenereta saa inakimbia. Kwa hiyo akishusha arobaini, saa itatambaa. Wakiingia saa mbili asubuhi, kumi na moja ya ukutani itafika..."

"Saa moja na robo usiku," Waya akasema.

"Saa moja na robo! Anapata saa mbili na ushee za bure kila siku, na dizeli inapungua. Kichwa, huyo!"

"Dada yako yumo mle," Mama Birika akamkumbusha.

"Kichwa kibaya," Taarifa akarekebisha.

"Hata kibaya si kichwa," Waya akasema. "Nimesema cherehani na saa vinakunywa bomba moja. Ukishusha arobaini, cherehani nacho kinasinzia. Watakaa mle mpaka giza na watatoka na mashati yaleyale mia sita. Siku ya ile saa ina mashati mia sita, uikimbize, uitambaze, uibebe mgongoni."

"Basi shida iko wapi?" nikauliza. "Shemeji ashushe, Meneja ahesabu mashati, aone aibu, apandishe."

"Shida ni kwamba haitafika huko. Ile jenereta ina kidude kinachoilazimisha itoe nguvu ileile ya umeme hata ikizunguka polepole. Kutoka sitini hadi hamsini inavumilia. Hadi arobaini inajikamua. Nyaya za ndani zinachemka. Na feni yake ya kujipoza imefungwa kwenye mhimili uleule, kwa hiyo wakati inachemka zaidi ndipo feni inapuliza kidogo. Robo saa, utasikia harufu."

"Na ikiungua nitafukuzwa kwa kuiunguza," Shemeji akasema. "Nisipoishusha nafukuzwa kwa ukaidi. Barua nimeisoma mara nne natafuta mahali ambapo sifukuzwi."

"Una mpaka saa kumi," Taarifa akamtuliza, akatazama simu. "Sasa ni saa nane na robo. Una karibu saa mbili za kufikiri."

"Kwa simu yako," Waya akasema. "Ile ya ukutani sasa hivi imekaribia tisa na nusu. Ana dakika ishirini na tano."

"Ishirini na tano!" Taarifa akasimama. "Shem, unakunywa kahawa ya nini? Fikiri mbio!"

Wakaanza kumshauri wote kwa pamoja. Taarifa akasema ajifanye mgonjwa. Mama Birika akasema mgonjwa wa nini, kila mtu amemwona hapa na kikombe. Taarifa akasema basi aweke arobaini kwa maneno, amwambie Meneja imeshuka, Meneja atajuaje? Mimi nikasema atajua akitazama saa. Taarifa akasema basi aibe saa. Waya akasema kijiwe hiki kimefika mwisho wake.

Shemeji akainuka. Alikuwa mtu wa taratibu siku zote, lakini nilimwona anavuta pumzi kama anayetaka kunyanyua mzigo.

"Naweka hamsini," akasema.

"Hamsini haikuandikwa popote!" Taarifa akasema. "Meneja anataka arobaini, wanawake wanataka sitini. Ukiweka hamsini unagombana na kiwanda kizima, na dada yangu utalala naye chumba gani?"

"Ndiyo inayotakiwa. Mashine haitaungua na saa itasema kweli. Mke wangu nitamweleza."

"Utamwelezaje?"

"Sijui. Labda akiwa amelala."

Akaingia, mlango ukabaki wazi nusu. Waya akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Huyu mtu amesuka mota miaka thelathini, anasikia umeme kama wengine wanavyosikia mtoto wao akilia katika kundi.

"Sitini," akasema. Ngurumo ikaanza kushuka. "Hamsini na saba. Hamsini na tatu. Polepole, bwana, polepole. Hamsini." Akafumbua macho. "Hamsini safi."

Migongo yetu ilisikia tofauti. Ubao uliacha kutetemeka, ukawa unatikisika kwa adabu. Tukamsifu, tukaagiza kahawa nyingine, na dakika kama kumi zikapita kwa amani. Halafu tukasikia sauti ya Meneja ndani.

"Hii ni ngapi?"

"Hamsini, Meneja."

"Nilisema ngapi?"

"Arobaini, Meneja. Lakini itaungua."

"Kwani ni yako? Lete spana."

Shemeji akatoka mikono mitupu, akasimama mlangoni. Ngurumo ikaanza kushuka tena, safari hii kwa kukatakata.

"Arobaini na sita," Waya akasema. "Arobaini na mbili. Haya. Arobaini. Mama Birika, sogeza birika lako mbali na mlango."

Ikawa sauti ya kukoroma. Tulikaa tukiisikiliza, na ninakiri kwamba kuna sehemu yangu ilitaka iungue. Baada ya dakika kumi na moja kwa simu ya Taarifa, aliyekuwa anazitangaza moja moja kama yuko uwanjani, harufu ikaja. Kwanza ya vanishi ya nyaya, kisha ya kitu kibaya zaidi. Kisha mlio mmoja mfupi, moshi mweusi kwa juu ya mlango, na kimya. Kimya ambacho hatukuwa nacho kwa wiki mbili, mpaka tukaona aibu kwa sauti zetu.

Meneja akatoka akikohoa, uso mweusi, spana mkononi. Nyuma yake wakatoka wanawake kupitia mlango uleule, mmoja mmoja, na mbele yao alikuwa mke wa Shemeji, futi ya kupimia ingali shingoni.

"Wewe!" Meneja akamnyooshea Shemeji spana. "Umeniunguzia mashine!"

"Spana unayo wewe, Meneja," Mama Birika akasema.

"Sijali! Barua unayo. Ikifika saa kumi huna kazi!"

"Bado haijafika," mke wa Shemeji akasema.

"Itafika!"

"Haifiki, Meneja. Nimeitazama nikitoka. Imesimama, kumi kasoro dakika tano. Barua inasema kwa saa ya ukutani."

Meneja akainua mkono kutazama saa yake mwenyewe, tukaona midomo inasoma. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini na kitu. Huko nako hakukuwa na msaada, kulikuwa kubaya zaidi. Akashusha mkono.

"Basi jenereta iwashwe, ifike!"

Akamtazama Waya. Waya akachukua koili yake.

"Mimi nasuka nyaya. Kuifungua, kuitoa, kuirudisha na kuiwasha, anayeijua ile mashine ni mmoja tu." Akamnyooshea Shemeji kidole.

Wanawake wakasogea kusikiliza. Meneja alisimama pale muda mrefu, jasho likichora mistari kwenye moshi usoni. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, hebu njoo tuitazame."

"Na wewe umeoa kwetu?" Taarifa akauliza.

Shemeji hakusogea. Alimtazama mkewe, naye mkewe akatazama jua, lililokuwa bado juu.

"Nikiitengeneza, Meneja, saa itatembea?"

"Itatembea."

"Dakika tano."

"Ndiyo. Dakika tano."

"Halafu ndiyo nafukuzwa."

Shemeji akarudi kwenye ubao, akakaa kati yetu, mkewe akasogezewa nafasi, Mama Birika akamiminia kila mmoja kikombe. Kisha Shemeji akamgeukia Waya.

"Kaka, kuisuka ile mashine vizuri, bila pupa, kunachukua muda gani?"

Waya akawatazama wale wanawake wote waliosimama juani, akamtazama Meneja, akafunga fundo moja kwenye koili, akalivuta kuona kama limeshika.

"Kwa saa ipi?"